Mara moja, siku tano au wiki mbili? Kulinganisha mionzi ya muda mfupi kwa saratani ya shingo ya kizazi iliyofika mbali

Mama mkubwa alikuwa anafunga kaniki. Nyumbani tulidhani ni mazoea tu ya mtu mzima, kumbe kaniki haionyeshi damu. Tuliposhuka basi la Newala, kusini mwa Tanzania, pale Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, usiku, niliupitisha mkono kwenye kiti alichokalia nikakuta kimelowa. Miezi minane kabla ya hapo alikuwa akienda kituo cha afya na kurudi na vidonge vya "uchafu", hakuna aliyempandisha kitandani akamwangalia kwa ndani.

Asubuhi yake muuguzi wa wodi alimpa kitambaa cheupe. "Shikamoo mama. Hii kaniki tuiweke kando kidogo. Nataka kuona unapoteza kiasi gani." Kipimo cha wingi wa damu kilisoma 5, kiwango cha chini sana.

Daktari alimpima, akatuita. Uvimbe ulikuwa umefika kwenye ukuta wa nyonga pande zote mbili, umeingia kwenye kibofu, na picha ya kifua ilikuwa na madoa. Alisema kuuondoa hataweza, ila damu anaweza kuisimamisha. Akatuwekea njia mbili mezani: apigwe mionzi mara moja, au siku tano mfululizo. Mjomba akanivuta hadi nje ya mlango. "Mara moja tu? Huyu wamemkatia tamaa."

Wakati ule nilikuwa muuguzi wa watoto, nami nilidhani hivyohivyo. Sasa nina miaka kadhaa kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso, na sentensi ile ya mjomba nimeisikia kutoka kwa familia za kila kabila. Watu huhesabu mara za mionzi kama wanavyohesabu sindano: nyingi ndiyo tiba, chache ndiyo kuachwa. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu, ili mkiulizwa mchague, mchague kwa sababu.

Kabla ya kulinganisha, swali moja

Muulizeni daktari kwa maneno yaliyo wazi: "Nia ni kuponya, au ni kupunguza mateso?"

Tiba ya kuponya ni kitu kingine kabisa. Ni mionzi ya nje ya Grei 45 hadi 50, mara 25 hivi kwa wiki tano, pamoja na dripu ya sisplatini (dawa ya kuua seli za saratani) kila wiki, kisha mionzi ya ndani inayowekwa karibu na uvimbe wenyewe. Yote hiyo inatakiwa imalizike ndani ya wiki nane. Wanawake wengi wa hatua ya tatu bado wanaweza kupona kwa njia hiyo, na hata baadhi ya wale ambao ugonjwa umeingia kwenye kibofu. Kwa hiyo mama anayetembea, anayekula, ambaye figo zake zinafanya kazi au zinaweza kuokolewa, na ambaye ugonjwa haujafika kwenye mapafu, ini wala mifupa, asipewe mpango mfupi kwa sababu foleni ni ndefu au kwa sababu ametoka mbali. Kuwa na VVU pia si sababu. Wanawake wenye VVU wana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hii, na wakiwa kwenye dawa zao wanatibiwa kama wengine.

Nasisitiza hili kwa sababu kurudi nyuma ni vigumu. Utumbo na kibofu havisahau mionzi viliyopokea. Aliyekwisha kupewa Grei 30 za kupunguza mateso hawezi tena, miezi mitatu baadaye, kupewa dozi nzima ya kuponya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jibu likiwa ni kupunguza mateso, hapo endeleeni kusoma.

Mipango yenyewe

Grei ni kipimo cha mionzi ambayo mwili umepokea. Msizijumlishe kama kilo za mchele. Grei 8 zikipigwa kwa mpigo mmoja huwa na nguvu mwilini kuliko Grei 8 zilizogawanywa kwa siku nne, na dozi kubwa ya mpigo ndiyo inayoacha makovu zaidi kwenye utumbo miezi ya mbele.

| Mpango | Jumla | Siku za kuingia kwenye mashine |
|---|---|---|
| Grei 8 mara moja (wengine hutoa 10) | 8 | 1 |
| Grei 8 siku ya kwanza, baada ya wiki moja, na baada ya wiki tatu | 24 | 3 |
| Grei 4 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa | 20 | 5 |
| Grei 3 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki mbili | 30 | 10 |
| Grei 3.7 asubuhi na jioni kwa siku mbili. Hurudiwa baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka awamu tatu | 14.8 kila awamu, 44.4 zikitimia tatu | 2 kila awamu |

Kwa nyonga, ushahidi wa kuzipambanisha ratiba hizi uso kwa uso ni mwembamba. Wataalamu waliopitia tafiti zilizokuwepo, katika mapitio yaliyochapishwa mwaka 2011, hawakuona ratiba moja iliyothibitika kuzishinda nyingine. Kwa mifupa hali ni tofauti. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2005, la wagonjwa karibu 900 wa saratani ya matiti na ya tezi dume iliyoingia mifupani, lilionyesha kwamba Grei 8 mara moja hupunguza maumivu sawa na Grei 30 kwa mara kumi, ila waliopigwa mara moja walihitaji kurudiwa mara nyingi zaidi, asilimia 18 dhidi ya 9. Kwa hiyo kama maumivu ya mama yenu yanatoka kwenye mfupa wa mgongo au wa paja, mara moja inatosha na msiwe na wasiwasi nayo. Kama yanatoka kwenye uvimbe wa nyonga, uamuzi utategemea mambo ninayoyaeleza hapa chini.

Damu

Hapa ndipo mionzi inapofanya kazi nzuri kuliko kitu kingine chochote tulicho nacho. Mionzi huharibu utando wa ndani wa vimishipa vidogo vinavyolisha uvimbe. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hukusanyika pale na kuviziba, na baadaye uvimbe wenyewe husinyaa. Mara nyingi damu huanza kupungua ndani ya siku moja au mbili, na ndani ya wiki moja wengi wanaona tofauti.

Na kwa damu, dozi ya kwanza ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Mama anayelowesha vitambaa vinne kwa usiku hahitaji kusubiri apangiwe wiki mbili. Anahitaji Grei 8, leo au kesho, huku akiongezewa damu. Wakati anasubiri mashine, uke huzibwa kwa shashi na mama hupewa vidonge vya asidi ya tranexamiki, dawa ya kusaidia kuzuia damu. Kumwongezea damu kuna faida ya pili ambayo familia hazielezwi: seli za uvimbe zenye oksijeni kidogo hustahimili mionzi, kwa hiyo upungufu mkubwa wa damu humdhoofisha mgonjwa na pia huidhoofisha tiba.

Mama mkubwa alipigwa mara moja, siku ya Jumatano. Aliingia, akalala chali, mashine ikampiga kwa mbele kisha kwa nyuma, akatoka. Kukaa vizuri mezani kulichukua muda mrefu kuliko mionzi yenyewe. Usiku ule alitapika mara mbili, kesho yake tumbo likamwendesha. Ijumaa kitambaa cheupe kilikuwa na madoa badala ya dimbwi. Jumanne iliyofuata kilikuwa na alama ndogo ya hudhurungi, na muuguzi yuleyule alikikunjua mbele ya mjomba bila kusema neno.

Grei 8 za mara moja zina upungufu wake: damu inaweza kurudi baada ya wiki au miezi. Lakini dozi hiyo huweza kurudiwa, kwa kawaida baada ya mwezi hivi, daktari akiona hali inaruhusu. Mkipewa mara moja, ulizeni papo hapo: "Damu ikirudi, tunarudi lini, na kwa nani?"

Maumivu, harufu, na uvimbe mkubwa

Kwa maumivu ya nyonga subira ni ndefu zaidi, wiki mbili hadi nne kabla ya kuona nafuu kamili. Kwa mama ambaye bado ana nguvu, ambaye tatizo lake kubwa ni uvimbe mkubwa unaobana mishipa ya fahamu na kumchoma hadi mguuni, napendelea siku tano kuliko mara moja. Kwa uzoefu wangu uvimbe husinyaa zaidi, nafuu hudumu zaidi, na madhara ya Grei 4 kila siku huvumilika: kuhara, haja ndogo ya kuunguza, uchovu.

Siku kumi je? Grei 30 ni mpango wa heshima, na kwa mama mwenye hali nzuri, anayetarajiwa kuishi mwaka au zaidi na anayeishi jirani na hospitali, sina ugomvi nao. Ila nimeona familia zikiuchagua kwa sababu tu ni mrefu. Wiki mbili ni wikiendi moja ya kulipia chumba, ni msindikizaji aliyeacha shamba au genge, ni mama anayekula chakula cha kununua na kulala kwa watu. Halafu mashine hukorofisha. Ikiharibika baada ya siku ya sita mama ana Grei 18 mkononi, hajui kama arudi nyumbani au angoje fundi. Aliyepewa mara moja amekwisha kumaliza.

Mpango wa asubuhi na jioni una historia inayofaa kujulikana. Watafiti wa Marekani wa RTOG, kundi la utafiti wa tiba ya mionzi, walijaribu kwanza Grei 10 kwa mpigo, mara tatu, kila baada ya mwezi. Damu ilikata na maumivu yalipungua, lakini wanawake walioishi muda wa kutosha walipata madhara makali ya utumbo kwa kiwango kisichokubalika. Ndipo wakavunja dozi kuwa vipande vya Grei 3.7, viwili kwa siku, vikitenganishwa kwa angalau saa sita ili tishu nzima zipate muda wa kujikarabati. Madhara makali ya baadaye yakashuka hadi chini ya mgonjwa 1 kati ya 10. Kila awamu ni siku mbili tu, na mapumziko ya katikati yanawapa nafasi ya kumtazama: awamu ya kwanza isipomsaidia, hakuna sababu ya kumburuza kwenye ya pili. Nauona ni mpango mzuri kwa uvimbe mkubwa, kwa mama anayeishi mjini au mwenye ndugu wa kulala kwake. Kwa anayetoka Newala, safari tatu za kwenda na kurudi ni adhabu.

Kwa sababu ya historia hiyohiyo, mkiambiwa Grei 10 mara tatu kila mwezi, msikubali bila kuuliza. Kwa mama ambaye miezi yake ni michache sana madhara ya mbele huenda yasimfikie. Kwa ambaye ana mwaka mbele yake, yatamfikia.

Kuhusu harufu niseme wazi: mionzi husaidia, lakini polepole na si kwa wote. Kinachofanya kazi haraka ni metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, ya kumeza, au vidonge vyake vilivyosagwa na kuwekwa ukeni kama mtoa huduma atakavyoelekeza. Ni dawa ya bei ndogo, ipo karibu kila duka la dawa muhimu. Nimeona mama aliyekuwa amehamishiwa chumba cha nje akirudi kula na wajukuu ndani ya wiki moja. Harufu huua kabla ya ugonjwa, kwa sababu hufukuza watu.

Umbali na mashine

Ulinganisho huu ungekuwa mwingine kama kila mkoa ungekuwa na mashine. Hauko hivyo. Inakadiriwa kuwa Tanzania peke yake wanawake zaidi ya 10,000 hupata saratani hii kila mwaka, na kwa miongo mingi tegemeo la mionzi lilikuwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, tu, kabla ya Bugando kule Mwanza kuanza. Uganda iliwahi kuwa na mashine moja ya kobalti (madini yanayotoa mionzi) pale Hospitali ya Mulago, iliyowekwa mwaka 1995; ilipokufa mwaka 2016 nchi nzima ilikaa bila mionzi ya umma mpaka mashine mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Kenya imesogeza huduma hadi Mombasa, Nakuru na Garissa, na Rwanda ilianza yake Kanombe mwaka 2019. Bado nchi zaidi ya 20 za Afrika hazikuwa na hata mashine moja pale Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipoanzisha mpango wake wa kusaidia, Februari 2022.

Mashine za kobalti nazo huzeeka kwa namna yake. Nguvu ya kobalti-60 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache, kwa hiyo dozi ileile iliyochukua dakika mbili mwanzoni itachukua nne chanzo kikichoka. Foleni hurefuka bila mgonjwa hata mmoja kuongezeka. Mgonjwa mmoja wa mara kumi huchukua nafasi za wagonjwa kumi wa mara moja, na daktari anayepanga ratiba anawaona wote, waliopo ndani na waliolala kwenye benchi. Sisemi mama yenu ajinyime kwa ajili ya wengine. Nasema tu kwamba akishauri mara moja, na sababu yake ni damu na udhaifu, hajamdhulumu.

Ningechagua hivi

Mama dhaifu, haamki kitandani zaidi ya nusu ya siku, anatoka damu, ametoka mbali: Grei 8 mara moja, kisha nyumbani. Mama anayejimudu, ana damu na maumivu pamoja, anaweza kukaa wiki moja mjini: siku tano. Hii ndiyo ninayoishauri mara nyingi kuliko nyingine, kwa sababu inaanza Jumatatu na Ijumaa jioni mnatafuta tiketi. Mama mwenye nguvu na uvimbe mkubwa, makazi yapo karibu, na mashine hufanya kazi asubuhi na jioni: awamu za siku mbilimbili. Mara tatu ndani ya wiki tatu ningeiweka kwa anayeishi mjini asiyeweza kuja kila siku. Siku kumi ningeiacha kwa wachache niliowataja.

Na yupo mama ambaye sitamshauri mionzi kabisa. Anayehesabiwa siku chache, ambaye safari yenyewe itammaliza, anahitaji mofini ya maji kwa maumivu, metronidazoli, vitambaa safi na mtu wa kumshika mkono. Mofini si ya kuonea aibu. Dozi ni ile inayotosha, kila baada ya saa nne, na dawa ya kulainisha choo iende nayo tangu siku ya kwanza.

Kuna mambo mawili ambayo mionzi haiyatengenezi. La kwanza ni fistula. Mkojo au choo kikianza kupitia ukeni, mionzi haitaziba tundu, na wakati mwingine uvimbe ukisinyaa ndipo tundu linapojitokeza. Daktari mwaminifu atawaambia kabla. La pili ni figo zilizozibwa. Mama akianza kuvimba, kukojoa kidogo, kusinzia na kutapika, tatizo linaweza kuwa mirija ya mkojo imebanwa. Kuwekewa mrija wa figo kunaweza kumpa muda, lakini ulizeni muda huo ni wa kufanya nini. Kama kuna tiba ya kuponya mbele, mrija ni daraja. Kama hakuna, baadhi ya familia huamua kutouweka, na kifo cha figo huwa cha usingizi zaidi kuliko vingine. Hilo mamlaka yake ni ya mama mwenyewe kwanza, kama bado ana kauli. Mama mkubwa alikuwa nayo. Mjomba alipokuwa bado ananong'ona mlangoni, yeye kule kitandani alikuwa amekwisha kumjibu daktari: "Mwanangu, nipige hiyo moja. Korosho zinaanguka."

Aliuwahi msimu. Aliishi miezi mitano baada ya hapo, minne ya kwanza bila damu ya kutisha.

Siku ya kuondoka

Mpeni dawa ya kuzuia kutapika kabla ya mionzi, si baada. Siku tatu za kwanza ale kidogo kidogo, uji, ndizi, wali laini. Maharage na maziwa yasubiri tumbo litulie. Asiweke kitu chochote ukeni ambacho hakuelekezwa, ikiwemo ndimu, shabu na dawa za kukausha. ARV na dawa za presha zisikatwe.

Na msiondoke bila karatasi. Kwenye daftari lake la kliniki yaandikwe manne: tarehe, sehemu ya mwili iliyopigwa, Grei ngapi kila mara, na mara ngapi. Damu ikirudi baada ya miezi mitatu na mkajikuta kwenye hospitali nyingine, mtaalamu atakayempokea hawezi kumpiga tena kwa usalama bila kujua alichokwisha kupokea. Pigeni na picha ya ukurasa huo kwa simu, na mtume kwa watu wawili wa familia wasiokaa nyumba moja.